Nilijisomea majibu ya maabara saa nane usiku, alfajiri nikawa naandika orodha ya madeni

Kichwa_Maji (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Nina kisa, na mwisho wa kisa nina swali, kwa hiyo mnivumilie.

Nina miaka 41. Sina ugonjwa ninaoujua zaidi ya ngiri ambayo nimeipuuza miaka miwili, na sasa imefika pa kufanyiwa upasuaji. Wiki iliyopita nikatolewa damu kwa vipimo vya maandalizi. Jana usiku simu ikatoa mlio: majibu yako yako tayari, bonyeza hapa. Kuonana na daktari ni baada ya siku tatu. Nani angengoja?

Nikafungua faili kitandani, mwanga wa simu nimeupunguza ili mke wangu asiamke. Namba tupu, kurasa mbili. Nikashuka nazo moja moja kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Nikafika kwenye kreatinini: 97. Sikujua kreatinini ni mnyama gani, nikasachi. Ukurasa wa kwanza ukasema inaonyesha figo zinavyofanya kazi, na kwa mwanaume kawaida yake ni 0.7 mpaka 1.3.

Nikarudia kusoma. 1.3. Yangu 97.

Hapo sikuandika tena "kreatinini". Niliandika "dalili za figo kufa". Uchovu: ninao. Mgongo kuuma: unauma mwaka wa pili huu. Kuamka usiku kukojoa: nilikuwa nimetoka chooni muda si mrefu. Kufika saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshaangalia video tatu za watu wanaosafishwa damu kwa mashine, nimesoma habari za kupandikizwa figo, na nimeanza kuwapima ndugu zangu kimoyomoyo, yupi ana roho ya kunipa moja. Asubuhi nimekuta kwenye simu nimeandika orodha ya madeni. Wanaonidai nimewaandika kwa kifupi, ninaowadai nimewaandika mpaka tarehe.

Swali langu: kuna mtu wa maabara humu? Na la pili, nyie wenzangu mkiwa na dalili au majibu mkononi, mnatafutaje mtandaoni bila kujiua kabla ya siku?

Bishoo77

Pole sana mkuu lakini hapo kwenye kupima ndugu nimecheka mpaka bosi kageuka.

Mama Pacha

Msimcheke jamani. Mimi wakati wa mimba niliwahi kukaa hivyohivyo mpaka kukacha. Pole kaka yangu, wenye ujuzi watakuja.

Darubini

Niko maabara mwaka wa kumi na moja. Kaka, kwanza tulia, halafu fungua tena hilo faili utazame kulia kwa 97. Pameandikwa nini?

Kichwa_Maji

Pameandikwa kama "umol/L". Halafu mbele yake kuna mabano 62 – 106.

Darubini

Basi umejijibu mwenyewe. Hiyo ni mikromoli kwa lita. Ukurasa uliosoma ulikuwa unazungumzia miligramu kwa desilita. Ni kama mtu kakwambia safari ni 97 akimaanisha kilomita, wewe ukasikia siku. Kreatinini unaibadilisha kwa kugawa kwa 88.4, kwa hiyo 97 yako ni kama 1.1. Iko ndani ya mabano ya maabara yako, na iko ndani ya mabano ya ukurasa uleule uliokutoa jasho.

Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine tunawaona na kumi na kitu kwa kipimo hicho cha miligramu. Mwenye 97 asingekuwa na nguvu ya kushika simu.

Hili la vipimo viwili linaumiza watu kuliko uongo wa mtandaoni, na hakuna anayelisema, kwa sababu ukurasa wenyewe haujadanganya. Sukari nayo ni hivyohivyo. Kuna nchi zinaandika milimoli, kuna nchi zinaandika miligramu, na tofauti ni mara 18. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 kwa milimoli ni sawa na 126 kwa miligramu, na hapo ndipo mstari wa kisukari ulipo kwa wote. Sasa mtu ana 5.4, anasoma mahali kwamba sukari ikishuka chini ya 70 ni hatari, anabugia soda usiku wa manane. Nimeshampokea wa namna hiyo.

Kabla sijaondoka: angalia kama kuna namba imewekewa H (imezidi) au L (imepungua) pembeni.

Kichwa_Maji

Asante sana mkuu, nimeshusha pumzi ambayo nilikuwa nimeishikilia tangu jana. Ndiyo, kuna moja ina H. Eosinofili. Nilitaka kuisachi nikajizuia. Nisachi?

Darubini

Usisachi. Yale mabano ya kawaida hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya, kisha wanachukua asilimia 95 walioko katikati. Maana yake kwa kila kipimo kimoja, mtu mzima wa afya mmoja kati ya 20 atatoka nje ya mabano kwa sababu tu ndivyo mabano yalivyochorwa. Karatasi yako ina vipimo kama 20 hivi. Ukichukulia kila kimoja kinasimama peke yake, uwezekano wa kuwa na walau herufi moja pembeni ni zaidi ya nusu. Karatasi isiyo na H wala L hata moja ndiyo tunayoitolea macho (natania, lakini si sana).

Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu, zikipanda kidogo mara nyingi ni mzio au minyoo. Mwulize daktari, asipojali na wewe usijali.

Kinyonga

Uzi mzuri ila mimi nasema wazi: haya mambo wangeachiwa wenyewe. Mgonjwa hana kazi na majibu yake kabla daktari hajayaona. Kila ukiandika kichwa kinauma unaambiwa uvimbe wa ubongo. Watafiti wawili wa Microsoft, White na Horvitz, waliliandikia hilo mwaka 2008. Waliona kurasa zinazoletwa ukitafuta kichwa kuuma zinataja uvimbe wa ubongo karibu sawa na zinavyotaja mtu kukosa kahawa aliyoizoea. Wakati kwenye maisha ya kweli waliokosa kahawa ni wengi mno, na wenye uvimbe ni wa kuhesabu. Mtandao hauna mizani. Kilicho adimu na cha kutisha ndicho kinachoandikwa, kwa sababu ndicho kinachosomwa.

Na hizo programu za kujaza dalili ndiyo kabisa. Mwaka 2015 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliopima programu 23 za aina hiyo. Ugonjwa sahihi ulitokea namba moja kwenye orodha kwa asilimia 34 tu. Theluthi moja! Fundi wa theluthi moja ungempa hata redio?

SukariTangu2009

Kinyonga kaka yangu, nakuheshimu, ila unaongea kama mtu asiye na ugonjwa wa kudumu.

Daktari wangu ni mzuri, simlalamikii. Ananiona dakika kumi na tano kila baada ya miezi mitatu. Saa zote zilizobaki za mwaka niko na kisukari peke yangu. Nikipandwa na sukari saa tano usiku nimwamshe nani?

Nitatoa mfano mmoja. Miaka ya mwanzo nilikuwa najichoma insulini sehemu ileile ya tumbo, kushoto kwa kitovu, kwa sababu pale haipaumi. Sikujua kwamba haipaumi kwa sababu ngozi pale ilishakuwa sugu, chini yake pana kinundu laini kama mpira. Sukari yangu ikawa haieleweki, dozi ileile leo inashusha, kesho haishushi. Nikaongezewa dozi mara mbili. Mtu aliyenishtua ni mama mmoja kwenye kundi la wagonjwa mtandaoni, simjui hata sura. Aliandika tu: "Hebu pitisha vidole hapo unapochoma, kuna kinundu?" Kipo. Insulini ukiichomea kwenye kinundu inaingia mwilini kwa kusuasua. Nikahamisha sindano, dozi ile ile mpya ikaniangusha siku ya pili tu, ikabidi ipunguzwe. Nilipomwambia daktari akanyoosha mkono akapapasa, akasema kweli. Hakuwahi kupapasa kabla.

Sasa ungeniambia hayo niwaachie wenyewe? Mwenyewe ni mimi.

Kinyonga

Dada, hiyo ilikuwa bahati. Kundi hilohilo lina mtu anayeuza unga wa majani unaotibu kisukari, bisha.

SukariTangu2009

Sibishi. Wapo watatu, wote wanakuja inboksi, hakuna anayethubutu kuandika hadharani. Hiyo ndiyo alama yao. Mtu mwenye dawa ya kweli ana haja gani ya kunivuta chemba?

Kalamu Kavu

Mimi nafanya kazi ya kutafsiri, si mtu wa afya, lakini naomba nitie neno kwenye jambo ambalo hamjaligusa. Hivi mnatafuta kwa lugha gani?

Chukua neno "uvimbe". Kwetu uvimbe ni kifundo cha mguu kilichoteguka, ni jipu, ni tezi za shingo ukiwa na mafua, ni fibroidi, na ni saratani. Neno moja. Kiingereza kina maneno matano tofauti hapo. Ukiandika "uvimbe shingoni" kwa Kiswahili, mtandao haujui unasema tezi iliyovimba kwa sababu ya jino bovu au jambo jingine, na kwa kuwa kurasa za Kiswahili ni chache, inayokuja mbele ni ile ya saratani. Halafu mtu anaipeleka kwenye tafsiri ya mashine, inachagua neno moja kati ya yale matano, na mara nyingi huchagua baya zaidi.

"Ganzi" nayo: ni mkono kufa ganzi, na ni dawa ya ganzi ya mng'oa meno. "Kifua": mtu akisema ana kifua anamaanisha kikohozi, ukikitafsiri kinakuwa maumivu ya kifua, na maumivu ya kifua mtandaoni ni moyo tu, hamna kingine. "Tumbo" linabeba kila kitu kuanzia chini ya mbavu mpaka kwenye nyonga. "Mguu" ni wote, kuanzia paja mpaka kidole.

Ushauri wangu wa mtu wa maneno: usitafute kwa jina la ugonjwa unaouhofia, eleza mahali, tangu lini, na kinachoongezea au kupunguza. "Kinundu laini chini ya taya upande mmoja, siku nne, kinauma nikikigusa, jino linauma." Kurasa zitakazokuja ni nyingine kabisa. Mleta uzi alivyoandika "dalili za figo kufa" alikuwa ameshajihukumu, akaenda kutafuta mashahidi tu.

Kichwa_Maji

Mkuu Kalamu, hiyo ya mashahidi imeniingia. Na mashahidi walikuja wengi, tena wamekula kiapo.

Bishoo77

Mimi siku hizi sisumbuki na kurasa. Naiuliza akili mnemba, inanijibu kwa upole kuliko hata nesi. Samahanini manesi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimekuona Bishoo. Upole wetu tunautunza kwa wanaokuja mapema.

Niliache hilo la akili mnemba, kuna mtu atalisema. Mimi nataka kusema lini HUTAFUTI.

Aliletwa wodini kwetu mzee mmoja na watoto wake wakubwa wawili, wote wasomi. Mzee mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia. Nikashika ule mkono kumwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, nikakuta ncha za vidole zina matundu madogo, kumi yote, damu imekauka kwenye kucha. Nikauliza hivi ni nini. Kijana akanionyesha video kwenye simu: mtu akipata kiharusi mchome sindano kwenye kila kidole damu itoke, atazinduka. Walichoma, wakasubiri. Hakuzinduka. Wakarudia video kuona wamekosea wapi. Ndipo wakaja.

Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, na dirisha lake ni saa nne na nusu tangu dalili zianze. Wao walifika saa ya saba. Sikuwa na la kuwaambia, na sikuwalaumu mbele yao, walikuwa wanampenda baba yao.

Kwa hiyo: mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kifua kubana kunakopanda shingoni au mkononi, kushindwa kupumua, damu isiyokata, mtoto asiyeamka vizuri. Hapo simu ni ya kupiga, si ya kusomea. Weka saa kichwani tu, lilianza saa ngapi, maana ndilo swali la kwanza tutakalokuuliza.

Mama Pacha

Mungu wangu. Ile video hata mimi nilitumiwa, na niliituma mbele. Nisameheni.

Mfamasia Mstaafu

Nimekaa nyuma ya kaunta miaka 34 na nimeshuhudia mambo yakibadilika. Zamani mgonjwa alikuwa anauliza "nimeze mara ngapi". Sasa anakuja na skrini shoti ya madhara ya dawa, anataka nimwapie kwamba hatayapata.

Vijana wangu, ile karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa ina lugha yake. Kwa dawa zinazofuata utaratibu wa Ulaya, "mara nyingi sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Mara nyingi" ni kati ya 1 kwa 100 na 1 kwa 10. "Nadra" ni chini ya 1 kwa 1,000, na "nadra sana" ni chini ya 1 kwa 10,000. Mtandaoni hayo yote yanamwagwa kwenye orodha moja, kichefuchefu kimekaa jirani na kifo, na wote wana nukta ya ukubwa uleule.

Halafu kuna hili la kusoma madhara na kuyapata kwa kuyasoma. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa SAMSON, matokeo yakatoka 2020. Walichukua watu 60 walioacha dawa za kushusha lehemu kwa sababu zinawatesa, maumivu ya misuli na kadhalika. Wakawapa kwa zamu: miezi mingine dawa yenyewe, miezi mingine kidonge kitupu, miezi mingine wasimeze chochote, kwa mwaka mzima. Asilimia 90 ya mateso waliyoyapata kwenye dawa waliyapata pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, msielewe vibaya. Mtu aliumwa kabisa. Ila hakuumwa na dawa. Nusu yao walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe walirudi kwenye dawa.

Na ukisikia "inaongeza hatari mara mbili", uliza mara mbili ya ngapi. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitangaza kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda. Wanawake wakavitupa. Ukweli wa namba ulikuwa kama hivi: kutoka mmoja kati ya 7,000 kwenda wawili kati ya 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba huko England na Wales ulikadiriwa kupanda kwa 13,000, na mimba yenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vile vidonge. Hakukuwa hata na intaneti ya kusema. Ilikuwa redio, televisheni na magazeti.

Mleta uzi, mwanangu, unaenda kufanyiwa upasuaji. Unameza dawa gani?

Kichwa_Maji

Shikamoo mzee. Hakuna dawa. Vitamini tu, na aspirini ndogo ile moja kwa siku.

Mfamasia Mstaafu

Marahaba. Aspirini nani kakuandikia?

Kichwa_Maji

Hakuna aliyeniandikia, nilisoma mahali kwamba inalinda moyo. Ina miaka minne sasa. Naihesabu kama vitamini.

Mfamasia Mstaafu

Usiihesabu kama vitamini. Umeiandika kwenye fomu ya hospitali?

Kichwa_Maji

Fomu iliuliza "dawa unazotumia", nikaandika hakuna.

Mfamasia Mstaafu

Mpigie daktari wako leo, usingoje siku ya miadi. Na usiiache wala usiendelee kwa kusikia mimi, sikuoni. Aspirini inazilaza chembe za damu zinazogandisha jeraha, na kila chembe iliyolazwa haiamki tena mpaka mwili utengeneze nyingine, siku saba mpaka kumi. Mpasuaji anataka kulijua hilo kabla hajashika kisu.

Kinyonga

Naona hoja yangu inajengewa ghorofa.

SukariTangu2009

Inajengewa wapi? Aliyemgundua ni mzee huyu, mtandaoni, kwenye uzi huu. Fomu ya hospitali imempita.

Kinyonga

Hapo umenibana dada.

Darubini

Bishoo, turudi kwako. Mwaka 2025 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mzee wa miaka 60 aliyetaka kuacha chumvi. Akauliza ChatGPT kitu cha kuweka badala ya kloraidi, akatoka na bromaidi. Akanunua, akala bromaidi ya sodiamu miezi mitatu kama chumvi ya mezani. Alifika hospitali akidai jirani yake anamwekea sumu, akawa anaona vitu, anaogopa maji anayopewa. Bromaidi inaweza kuchukua nafasi ya kloraidi kweli, kwenye kazi za usafi huko. Madaktari hawakuweza kuyaona mazungumzo yake na mashine, lakini walipoiuliza wenyewe swali hilo, nao ikawatajia bromaidi. Haikuuliza "unataka kuifanyia nini?" Mfamasia wetu hapo juu kauliza maswali matatu kabla hajasema kitu.

Siikatazi. Mimi huitumia kunifafanulia neno gumu, au kuniandalia maswali. Ila ujue ukiiuliza "je, uchovu wangu ni dalili ya figo?" itakuhudumia figo. Ni mhudumu, inaleta ulichoagiza.

Bishoo77

Nimekoma. Ila upole wake nautetea.

Kalamu Kavu

SukariTangu2009 kasema la makundi ya wagonjwa. Nina kisa nilichowahi kukitafsiri. Mmarekani mmoja, Dave deBronkart, Januari 2007 aligundulika ana saratani ya figo iliyosambaa mpaka mapafuni. Daktari wake mwenyewe ndiye aliyemwambia ajiunge na kundi la wagonjwa mtandaoni, lililoitwa ACOR. Kule ndiko walikomweleza kuhusu tiba moja ya interleukini (dawa ya kuamsha kinga ya mwili) ambayo si kila hospitali huitoa, na jinsi ya kujiandaa na mateso yake. Akapona, akawa msemaji wa wagonjwa duniani. Angalieni mpangilio wake lakini: daktari kamtuma, kundi limemwongezea, hospitali imemtibu. Hakuna aliyerukwa.

Kinyonga

Na kuna kisa cha pili ambacho watu hawapendi kukisimulia. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa Italia ulidai lithiamu inachelewesha ule ugonjwa wa neva unaoitwa ALS. Wagonjwa wa mtandao wa PatientsLikeMe hawakungoja, wakaanza kuimeza wenyewe kupitia madaktari wao, wakawa wanaandika hali zao kila mara. Mwaka 2011 takwimu zao zikachapishwa: lithiamu haikusaidia kitu.

SukariTangu2009

Kaka Kinyonga hicho ni kisa changu, si chako! Wagonjwa wenyewe walijipima, wakakuta hakuna kitu, wakasema hakuna kitu. Wauza unga wa majani wangapi wamewahi kuchapisha hivyo?

Kinyonga

Haya, tugawane.

Mama Pacha

Sasa sisi tusio wataalamu tuingie wapi? Nitajieni mahali, maana mimi nabonyeza cha kwanza kinachotokea.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama Pacha, mimi huanzia MedlinePlus, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ipo tangu 1998 na haina tangazo hata moja. Kwa swali la "hii tiba inafanya kazi au la" naenda Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, wana muhtasari wa lugha nyepesi wa kila uchambuzi. Ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, tafuta mtoto wa kukusomea na umwambie kuhusu neno uvimbe.

Angalia tarehe kabla ya kusoma. Angalia kama chini pana kitu kinauzwa. Ukiona "imeua seli za saratani", uliza za nani na wapi, maana kwenye kisahani cha maabara hata jiki inaua seli za saratani. Na zile nembo za uaminifu usizibabaikie. Iliyokuwa maarufu kuliko zote, HONcode, taasisi yake ya Geneva ilifunga shughuli 2022, na bado kuna kurasa zinaivaa.

Ukija kwetu usije na skrini shoti arobaini. Njoo na karatasi yenye mambo matatu: kinachokusumbua tangu lini, unachomeza chote pamoja na unachokiita vitamini (nakutazama mleta uzi), na jambo moja ulilolisoma linalokunyima usingizi. Lile la tatu liseme kwanza. Wengi hulisema wakiwa wameshashika kitasa cha mlango, daktari ameshamwita mwingine.

Kichwa_Maji

MREJESHO, wakuu.

Nilipiga simu siku ileile, nikaambiwa niache aspirini na nisogeze miadi. Leo ndiyo nimetoka. Nilifanya kama Nesi alivyosema, karatasi moja, na nikaanza na la kunyima usingizi. Nikamwambia daktari nilisoma vibaya kreatinini nikajiona marehemu. Alicheka, lakini alinigeuzia kompyuta yake akanionyesha namba ile pamoja na ya miaka mitatu nyuma: 95. Figo hazijasogea. Eosinofili akaniuliza kama nakwaruzwa na mafua ya asubuhi, nikasema ndiyo kila siku, akasema basi ndizo hizo.

Kwenye aspirini hakucheka. Aliniuliza nilisoma wapi, nikaitafuta kwenye simu palepale. Makala ni ya 2011. Akaniambia mambo yamegeuka: utafiti mkubwa wa 2018 kwa wazee zaidi ya elfu kumi na tisa ulikuta haiwasaidii wasio na ugonjwa wa moyo, na wanaotokwa damu wanaongezeka. Mwaka 2022 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kukinga magonjwa nalo likabadilisha mwongozo wake. Kwa mtu kama mimi, asiye na historia yoyote ya moyo, hakuona sababu ya kuimeza. Upasuaji umesogezwa wiki moja.

Kinachonishangaza ni kwamba usiku ule nilisoma kurasa labda thelathini kwa hofu, zote kuhusu figo, na figo ni nzima. Ile moja iliyonigharimu niliisoma miaka minne iliyopita nikiwa nimetulia, nakunywa chai, na nikaiamini bila hata kutazama tarehe.

Mfamasia Mstaafu

Upone salama mwanangu. Zile vitamini nazo umemtajia majina?

Kichwa_Maji

...Narudi kupiga simu mzee.

Mgeni_Kesho

Wakuu sijasoma uzi wote, nina haraka, naomba msaada. Nimepata majibu sasa hivi, kreatinini yangu ni 104. Nitapona kweli?

Darubini

Kulia kwa hiyo 104 pameandikwa nini?